Kipimo cha Kusikiana

Meneja wetu alikuwa na ugonjwa wa kupima spidi. Akiingia ofisini asubuhi, kabla hajatuuliza hata habari zetu, alitoa simu mfukoni, akafungua ile programu yenye mshale unaozunguka kama wa dashibodi ya gari, akabonyeza, kisha akasimama katikati ya chumba akiutazama mshale ukipanda. Ukifika juu, alitabasamu kama mtu aliyeusukuma kwa mikono yake mwenyewe. Ukisitasita, alinigeukia mimi. "Madam, leo network iko chini. Fanya kitu." Kisha akaenda kunywa chai. Nilifanya kazi chini ya mtu huyo miaka minne, na sikuwahi kumwona akipima kitu kingine chochote, hata urefu wa mikutano yake.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili mjini Machakos, juu ya duka la mabati na misumari. Tulitoa huduma ya ukalimani wa lugha ya ishara kwa njia ya video. Zahanati tatu, moja upande wa Mwala, moja Kathiani, na nyingine ndogo upande wa Mitaboni, zilikuwa na tableti iliyosimamishwa mezani. Kiziwi akifika, nesi anabonyeza, mkalimani wetu anatokea kwenye skrini akiwa kwetu mjini. Nesi anauliza kwa mdomo, mkalimani anayapeleka maneno kwa mikono. Kiziwi anajibu kwa mikono, mkalimani anamwambia nesi kwa mdomo. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa mitandao, peke yangu, na nilikuwa na dharau ya kuwatosha wote waliokuwa humo ndani.

Nilidhani nina haki nayo. Mtu anayepima simu ya video kwa spidi peke yake ni sawa na anayepima utamu wa chai kwa ukubwa wa birika. Spidi inakuambia ni kiasi gani kinaweza kupita. Haikuambii kama kinachopita kinafika kizima, kwa wakati wake, bila kusukumana njiani. Nilimweleza meneja jambo hili mara nyingi, nikitumia maneno madogomadogo, na kila mara aliitikia kwa kichwa halafu akatoa simu yake tena.

Kule Mitaboni kulikuwa na mwanamke aliyeuza nyanya sokoni, kiziwi tangu utotoni, mwenye mimba ya pili. Katika mimba ya kwanza, kabla huduma yetu haijafika huko, alikuwa akisindikizwa kliniki na mama mkwe wake, na kila alichoulizwa yeye kilijibiwa na mama mkwe. Aliulizwa kama kuna dawa inayomkataa. Mama mkwe akasema hakuna, kwa kuwa yeye binafsi hakuijua. Wakamdunga sindano ya penisilini, naye akavimba uso, koo likafunga, akaponea chupuchupu, na hakuna aliyemweleza mama mkwe kwamba ni dawa ile. Kwa hiyo safari hii alitaka jambo moja tu: swali lile aulizwe yeye, na jibu lake liandikwe kwenye kadi. Haya nimeyajua baadaye. Wakati ule, kwangu mimi alikuwa simu ya Jumatano asubuhi.

Aliyekuwa wa kwanza kulalamika ni mkalimani. Alikuwa mtu wa Mwala, wa rika langu, mwana wa wazazi viziwi wote wawili, na alijifunza kuongea kwa mikono kabla ya kujifunza kuongea kwa mdomo. Alikuja mezani kwangu akasema, "Dada, picha ya Mitaboni inaganda. Sekunde moja, mbili, halafu inaendelea. Nimeacha mikono kifuani, nikiipata tena iko kichwani." Nilimjibu kwamba nitaangalia. Meneja alipopata habari, alipima spidi. Mshale ukapanda hadi juu, akatangaza kwamba hakuna shida. Mkalimani aliendelea kulalamika, na mwishowe meneja akafanya kile ambacho watu wa aina yake hufanya wanapoishiwa na la kufanya. Aliita kamati.

Kamati ya kuchagua chombo cha kupima mtandao ilikuwa na wajumbe saba, na kati yao aliyejua mtandao ni nini alikuwa mmoja. Mkutano ulifunguliwa kwa maombi. Mzee aliyeombwa kuongoza maombi alimsihi Mungu afunike mitambo yetu, na nadhani hadi leo huo ndio mchango wenye maana zaidi uliotolewa na kamati ile. Baada ya hapo tulikunywa chai na mandazi kwa dakika arobaini.

Meneja alipendekeza programu yake ya mshale, bila aibu, akaizungusha simu meza nzima ili kila mjumbe auone ukipanda. Wajumbe waliuona. Mmoja aliomba aone tena.

Kisha akaingia muuzaji kutoka Nairobi, amevaa suti inayong'aa mabegani, na kompyuta iliyojaa rangi. Alituonyesha ramani ya Kenya ikiwa na vinukta vinavyowakawaka, vibao vya saa, mistari ya kupanda na kushuka. Kila alipogusa kitu kilicheza. Wajumbe walimtazama kama watoto wanaotazama mtu akipuliza mapovu ya sabuni. Nilimwuliza swali moja: ikiwa picha ya Mitaboni imeganda, mashine yako itaniambia imegandia wapi? Alitabasamu. "Madam, hii ni solution kamili. Inaona kila kitu." Nikamwuliza kwa nini basi hajaiunganisha na mtandao wetu, mbona anatumia ule wa simu yake mwenyewe. Alikuja na mtandao wake mfukoni, jamani, kuja kutuuzia kipimo cha mtandao! Alikunywa maji kwanza, kisha akasema hiyo ni demo tu. Niliandika neno lile kwenye daftari langu na kulipigia mstari mara mbili, nikijichekea.

Halafu nikasimama mimi. Nilikuwa na visanduku viwili vidogo vyeusi, kila kimoja ukubwa wa kiberiti cha jikoni. Kimoja kinakaa kwetu, kingine kinakaa zahanati. Kila baada ya dakika chache kimoja kinakipigia kingine simu ya kubuni, na kinapima mambo matatu: vipande vingapi vya simu vimepotea njiani, vimechelewa kiasi gani, na kama vinafika kwa mpigo ulio sawa au vinafika vikisukumana. Mwishoni kinatoa alama, moja hadi tano. Juu ya tatu na nusu taa ni kijani, chini ya hapo ni nyekundu. Hakuna mshale, hakuna ramani. Nilieleza kwa dakika kumi, na niliona kwenye nyuso zao kwamba wamenielewa kwa dakika moja na nusu. Lakini walikuwa wananiogopa kidogo, na mandazi yalikuwa yameisha. Mjumbe mmoja akapendekeza tupitishe, mwingine akaunga mkono, tukapitisha.

Mkalimani hakualikwa kwenye mkutano ule. Ningeweza kupendekeza aitwe, na sikupendekeza. Niliona atakuja kusema nini, hata hajui vile vipande vya simu ni vitu gani.

Nilivifunga visanduku mwenyewe, kimoja kwetu na kimoja kila zahanati. Cha Mitaboni nilikiweka dirishani, mahali nesi angeiona taa. Na kwa sababu sikutaka mashine peke yake iseme, nilitunga pia fomu ya kujazwa na nesi kila baada ya simu: tarehe, saa, na swali moja tu. Je, mlisikiana? Ndiyo au hapana. Nilijivunia fomu ile. Meneja angeweka maswali ishirini na nafasi ya muhuri.

Taa ikawa kijani. Wiki ya kwanza kijani, ya pili kijani, mwezi mzima kijani, alama nne na kitu kila siku. Fomu zikawa ndiyo, ndiyo, ndiyo. Meneja alianza kunitambulisha kwa wageni kama mtaalamu wetu, jambo lililoniudhi kwa kuwa lilinifurahisha.

Mkalimani akarudi mezani kwangu. "Dada, bado inaganda."

Niligeuza kompyuta imtazame. "Wapi? Nionyeshe mahali imeganda."

"Nitakuonyesha nini? Mimi nilikuwa namwangalia mtu."

"Mashine inasema iko sawa. Nesi anasema iko sawa. Labda ni macho, umekaa sana kwa skrini."

Alinitazama kidogo, akarudi chumbani kwake. Nilimwona ni mtu wa kulalamika tu, wale ambao ukiwapa gari watauliza kwa nini lina magurudumu manne. Nilimwambia hata meneja hivyo, na mimi na meneja tukacheka pamoja. Hiyo ndiyo siku pekee katika miaka minne tuliyocheka kitu kimoja.

Jumatano moja nilikwenda Mitaboni kuchukua fomu, kwa sababu meneja alitaka kuandika ripoti ya mafanikio. Benchi za nje zilijaa akina mama. Ndani, yule mwanamke wa nyanya alikuwa amekaa mbele ya tableti, mama mkwe nyuma yake na mkoba mapajani. Juu ya meza kulikuwa na sinia yenye pamba, sindano na kichupa.

"Karibu madam," nesi alisema. "Hii network yako siku hizi iko poa kabisa."

Nilisema asante, nikatazama dirishani. Kijani.

Simu ilipoingia na mkalimani akatokea, yule mwanamke hakusalimia. Aliinua mikono akaanza kuhesabu kwa vidole, haraka, moja hadi kumi, halafu akangoja. Sauti ya mkalimani ikatoka safi kabisa, kama yuko nyuma ya mlango: "Nimeona moja, mbili, tatu, nne. Halafu tisa, kumi."

"Anahesabu nini?" nilimwuliza nesi.

"Sijui madam. Kila akikuja lazima aanze hivyo. Sisi hungoja amalize." Nesi alikuwa tayari anavuta dawa kutoka kwenye kichupa. "Mwambie leo namdunga penisilini. Majibu ya damu yamesema anaihitaji."

Niliwaona mkalimani akiashiria kwenye skrini na mwanamke akimfuata kwa macho. Kisha mwanamke akaruka kutoka kitini. Mikono yake ilikwenda mkononi, usoni, kooni, mashavu akayajaza hewa, macho yakamtoka.

"Ngoja sista," sauti ikasema. "Nimempoteza. Amesema sindano... halafu ametulia. Ngoja."

"Ndiyo, sindano," nesi akasema. "Mwambie alegeze mkono."

"Mdunge tu sista," mama mkwe akasema. "Huyu huogopa sindano tangu zamani."

"Mwaitu," nesi akamwambia mama mkwe, "hebu mshikilie kidogo."

Nilikuwa nimesimama mita moja kutoka kwa mikono ile. Niliiona yote na sikuelewa hata neno moja. Aliyeielewa alikuwa Machakos, akitazama picha ya mwanamke aliyetulia. Sauti kati yetu na yeye haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mama mkwe alishika bega. Nesi alisogea na pamba.

Mwanamke alijinasua, akarudi mbele ya tableti, akainua mikono tena. Safari hii alihesabu polepole, kidole kimoja kimoja, akikishikilia kila kimoja. Moja. Mbili. Alifika kumi, akaanza upya. Sote tulisimama tukimtazama, nesi na sindano yake hewani. Mara ya tatu sauti ikasema, "Zote kumi. Sasa namwona." Ndipo akasema alichotaka kusema, naye mkalimani akakileta:

"Penisilini inamkataa. Mimba ya kwanza alidungwa, akavimba uso, koo likafunga. Anasema hii si mara ya kwanza kuwaambia. Amesema hapo ndani mara mbili."

Nesi aliweka sindano kwenye sinia. Alichukua kadi, akaifungua. "Hapa, kwa dawa zinazomkataa, imeandikwa hakuna."

"Aiya," mama mkwe akasema, akakaa.

Sauti ya mkalimani ilikuwa imeshuka. "Siku ile mlipomwuliza kuhusu dawa, mimi niliona sindano, kisha uso umetulia. Nikafikiri anasema alishadungwa zamani, basi." Hakutaja jina langu. Alikuwa na haki ya kulitaja.

Nesi alifuta neno lile kwenye kadi, akaandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa, mwanamke akisimama juu ya bega lake akisoma kila herufi mpaka mwisho. Hakuwa amesoma shule sana, lakini neno penisilini alilitambua likiandikwa. Kisha nesi akamwandikia barua aende hospitali mjini akapewe ushauri mwingine.

Nilichukua rundo la fomu mezani. Nilitafuta tarehe iliyokuwa kwenye kadi, siku lilipoandikwa lile "hakuna". Je, mlisikiana? Ndiyo.

"Sista," nikamwuliza, na najua niliuliza kwa ukali kwa sababu nilitaka sana kosa liwe lake, "mbona uliandika ndiyo?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa rangi ya maziwa. "Si tulisikiana, madam? Mimi na mkalimani tulisikiana vizuri sana."

Alikuwa na haki. Swali niliuliza mimi, naye alijibu swali nililouliza. Nilikuwa nimewafungia viziwi wa zahanati tatu kipimo cha kusikia. Hata visanduku vyangu havikudanganya. Kwenye kijitabu chake cha maelezo iliandikwa, ukurasa wa kwanza, kwamba alama ile ni ya ubora wa sauti. Niliusoma ukurasa ule. Niliusoma mara mbili, nikauelewa, na haikunipitia akilini kwamba unahusu kitu chochote. Tena nilijua, na hili ndilo linaloniuma zaidi, kwamba njia ikibana, programu ya simu huitupa picha kwanza ili iiokoe sauti. Kila mtu wa kazi yangu analijua hilo. Meneja hakulijua, wala muuzaji. Wao walikuwa wajinga tu, na ujinga wao haukumfikisha mtu yeyote mbele ya sindano.

Nilimwomba mkalimani amwulize mwanamke kama anaweza kunihesabia tena. Alikubali. Nilianza kuchomoa vitu, kimoja kimoja, naye kila mara akihesabu na mkalimani akisema alichoona. Nilizima simu ya nesi: saba. Nilizima redio ya karani: sijui nilidhani redio ingefanya nini, lakini niliizima: sita. Nilipofika chumba cha kumbukumbu nikachomoa waya wa kompyuta iliyokuwa ikituma rekodi mjini kila asubuhi, vidole vyote vikafika. Nikaurudisha: vitano. Nikauchomoa tena: kumi. Rekodi zile zingeweza kutumwa saa nane mchana bila kumdhuru mtu. Kazi ya miezi ilikwisha kwa robo saa, kwa chombo ambacho mwanamke yule alikuwa amekibuni mwenyewe wiki nyingi zilizopita, akakitumia kila Jumatano mbele ya watu wenye masikio, nao wakangoja amalize.

Niliporudi chumbani alikuwa amekaa, mikono imechoka mapajani. Nilimwambia mkalimani, "Mwambie pole. Mwambie mimi ndiye mtu wa mtandao."

Akamwambia. Mwanamke alinigeukia. Aliashiria kwa utaratibu, akielekeza kidole dirishani kwenye kile kisanduku, kisha kwenye fomu nilizoshika, kisha kwangu.

"Anauliza," sauti ikasema, "kama ni wewe ndiye ulikuwa ukisema kwamba kila kitu kiko sawa."

"Ndiyo," nikasema.

Nilisema kwa mdomo, nikiitazama tableti, nikimjibu aliyenisikia. Mwanamke hakuwa akiitazama. Alikuwa amenikazia macho mimi, akingoja nimjibu.